Oduor Mwenye Macho ya Walter

Kila alasiri, shule ilipofungwa, Nekoye alikatiza soko la Kibuye mbiombio huku akina mama wauza mboga wakimtania. "Mchoraji wetu, lini utanichora na mimi?" Alicheka bila kusimama. Kibanda cha baba yake kilikuwa ukingoni mwa soko, na juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu: WEPUKHULU MCHORAJI, VIBAO NA SURA ZA WATU. Hapo Nekoye aliosha brashi, kisha akajaza herufi kubwa za vibao vya maduka.

Mzee Wepukhulu hakuajiriwa na mtu. Kazi ikija walikula nyama, isipokuja walikunywa uji na kumshukuru Mungu. Kilichompatia jina Kisumu nzima ni sura za marehemu. Watu walimletea picha ndogo ya mpendwa wao, naye akaichora upya kwa rangi kwenye ubao mkubwa wa kutundika sebuleni.

Msimu wa mvua wa mwaka 1967, alikuja Mama Oduor kutoka Dunga. Mwanawe Oduor alikuwa amezama ziwani na mwili haukuonekana. Watu wake walizika tunda refu la mti wa yago badala yake, kama desturi ya Wajaluo inavyotaka. Mama huyo aliweka mezani picha ndogo kama kiberiti.

"Sina nyingine, Mzee," alisema. "Kule kaburini hayumo. Nataka awe nyumbani."

Baba alichora shati na mabega, kisha akaitwa Bungoma kumwona ndugu yake mgonjwa. "Uso uache, mwanangu," aliagiza. "Nitaumaliza nikirudi." Nekoye aliitikia vizuri sana, lakini moyoni alikuwa ameshashika brashi.

Kesho yake aliingia kazini akiwa na kikombe cha chai ya moto. Hata kabla hajachora nyusi, kiwiko kilikigonga kikombe, chai ikamwagikia ile picha. Akanyakua kitambaa na kuifuta kwa nguvu. Kitambaa kiliondoka na uso wa Oduor, pakabaki karatasi nyeupe.

Laiti angekwenda Dunga siku hiyohiyo, angelia kidogo na mambo yangeisha. Lakini hofu ilimshauri vibaya. Aliificha karatasi chini ya makopo ya rangi, akachora uso wa kubahatisha. Kidevu alikikumbuka kwa mbali. Macho hakuyakumbuka kabisa, kwa hiyo akaazima ya Walter, jirani yake wa dawati, makubwa na yenye kutazama pembeni kidogo.

Baba aliporudi alinuna. "Si nilikukataza?" Kisha akausogelea ubao, akausifu mkono wa Nekoye. "Na picha yenyewe iko wapi?"

"Iko kwenye bahasha, Baba." Nekoye akageuka kuosha brashi.

Tangu hapo hakupata raha kibandani. Popote alipoketi, macho yale yalimkuta. Aliugeuza ubao ukaangalia ukuta, na kesho yake akaukuta umegeuzwa tena, akaruka kwa woga, ingawa alijua ni baba aliyetaka rangi ikauke. Mvua ikipiga bati, alihisi mtu aliyelowa maji amesimama nyuma yake.

Halafu Walter hakuja shuleni. Benta, dada yake, alieleza kwa sauti ya chini. "Ana homa kali. Anaweweseka, anasema yuko majini, anaomba avutwe."

Nimemchora Walter akiwa hai katika ubao wa wafu, aliwaza Nekoye. Usiku na mchana wazo hilo halikumwachia.

Jumamosi Mama Oduor alifika. Baba aliinua ubao. Mama yule alitazama, akaegemea mlango, akatazama tena. Hakukasirika. Afadhali angekasirika!

"Macho..." alisema polepole. "Mimi nilidhani macho yake yalikuwa madogo. Kumbe nimeanza kumsahau mtoto wangu." Akajifuta machozi kwa leso. "Mzee, wewe ulikuwa na picha. Wewe ndiwe unayejua."

"Mama, hujamsahau!" Nekoye alilia. "Yalikuwa madogo! Hayo ni macho ya Walter!" Akachakura chini ya makopo, akamtolea ile karatasi nyeupe na kueleza yote.

Mama Oduor aliipokea, akaibana kifuani. Alilia kwa uchungu hata wauza mboga wakanyamaza. Hatimaye mama akaketi juu ya kigoda. "Leta penseli, nyathina," alisema. "Mtoto wangu, mimi mwenyewe nitakuambia. Chora uso wa Oduor."

Nekoye alichora huku mama akielekeza kwa kidole hewani. "Nyusi zishuke. Hapana, hapo anafanana na mjomba. Hapa palikuwa na kovu, mbuzi alimpiga." Alifuta, akachora, akafuta tena. Mara mama akaziba mdomo kwa kiganja. "Yaye! Oduor!" alinong'ona, na alikuwa akitabasamu.

Alipoondoka, akiahidi kurudi kuuona uso huo ukiwa na rangi, baba aliuchukua ubao wa kwanza, akaufunika rangi nyeupe. Hakupaza sauti.

"Ya chai ni ajali, mwanangu. Kila fundi huharibu, na mteja huelezwa siku hiyohiyo. Lakini wewe ulinyamaza, na ukamfanya mama atilie shaka kumbukumbu ya mtoto wake. Sisi hatuna tajiri wa kututetea. Tuna neno letu tu. Mtu akikuletea uso wa mpendwa wake, amekukabidhi mtu."

"Na Walter, Baba?"

"Walter ana malaria. Amepewa dawa hospitalini. Mbu hawajui kuchora."

Juma lililofuata Walter alirudi darasani, amekonda. Nekoye alimkazia macho hadi mwenzake akaudhika.

"Unaniangalia nini wewe?"

"Nahakikisha macho yako unayo," Nekoye alijibu, na hakuwa anatania.