Kujihesabu Gizani

Rafiki yangu ni mwongoza watalii, na kwa maneno amenishinda hata mimi niliyewahi kukemewa msibani kwa porojo. Mwezi uliopita alimsahau bibi wa watu kwenye jumba la mfalme, bosi akamwambia, "Ukiacha mgeni tena, kazi huna."

Basi juzi, katika ngome ya tatu ya ziara yao, alitangulia kuingia ghala la chini ya ardhi, wageni kumi na wawili wakimfuata. Mara umeme ukakatika, likatanda giza totoro.

"Jihesabuni, jamani!" akaita.

"Moja," ikajibu sauti karibu naye. "Mbili." Zikaendelea taratibu mpaka kumi na mbili. Akashusha pumzi.

"Haya, nifuateni. Atakayenikanyaga ataninunulia viatu!"

Hakucheka mtu; mkono mmoja ulimshika shati kwa nyuma. Zilisikika nyayo tu, zikijiburuta nyuma yake mpaka juu ya ngazi.

Alipofika mlangoni aliwaona wageni wake wote kumi na wawili kando ya basi, wakinywa maji.

"Kaka, ulikuwa wapi?" dereva akapaza sauti. "Hawa walirudi taa zilipozimika tu. Tumekuita mpaka makoo yamekauka!"

Nyuma yake, mkono ulioshika shati lake tangu gizani ulikuwa bado haujaliachia.