Watu wa Jicho Moja Chini ya Kitanda

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mtaa mmoja wa Likasi mambo yaligeuka. Wakubwa walikataa kusikia la mdogo, na ilibaki kidogo wavunjike wao miguu.

Mama mmoja wa mtaa huo aliitwa Berthe. Mume wake, Kalenga, alikuwa mchimbaji wa shaba huko Kambove. Alirudi nyumbani siku za Jumapili tu. Berthe aliuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele kando ya barabara. Walikuwa na watoto wawili: Shalom, aliyekuwa bado ananyonya, na Princesse, msichana wa darasa la tatu. Wote walilala chumba kimoja. Mama na Shalom walilala kitandani. Princesse alilala kwenye mkeka, sikio lake karibu na sakafu.

Mwaka ule shule ilipata mwalimu mpya, Madame Stéphanie. Yeye aliwapa watoto makaa na vipande vya mifuko ya saruji. Hakuchora kitu ubaoni. Aliwaambia tu, "Choreni kwenu. Chora unachokiona. Chora hata unachokisikia."

Jumatatu Princesse alileta picha nyumbani. Berthe aliitazama akacheka. Aliona nyumba yao, kitanda, na yeye mwenyewe amembeba Shalom, kichwa kikubwa kama boga.

Kisha akaacha kucheka. Chini ya ardhi, upande wa jirani yao, Papa Gracien, walilala watu. Hawakuwa na midomo. Kila mmoja alikuwa na jicho moja tu, jeupe, katikati ya paji la uso.

"Princesse, hawa ni ba nani?"

"Bale ba chini," mtoto alijibu, akaendelea kula bukari, ugali wake wa jioni.

Jumatano alileta picha nyingine. Nyumba ilikuwa ileile, na kitanda kilekile. Lakini wale watu walikuwa wamesogea. Walikuwa wamepita ukuta.

Alhamisi walikuwa chini ya kitanda. Mikono yao ilikuwa imeinuliwa. Na mlangoni alisimama Kalenga na sururu yake. Naye pia alikuwa na jicho moja jeupe kwenye paji la uso.

Berthe aliitupa picha ile katika mbabula, juu ya makaa ya moto. Karatasi ilijikunja ikawa nyeusi polepole. Yale macho meupe ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kuungua.

Mama Josée, kiongozi wa maombi ya wanawake, alikuwa amekuja kununua samaki. Aliona yote.

"Mama Princesse, fungua macho," alisema kwa sauti ya chini. "Mutoto anachora baba yake pamoja na bafu, bantu ba kaburi. Amekwisha kumuuzisha."

"Unasema ni bulozi, huu uchawi?"

"Njo bulozi. Jumamosi umulete ku nyumba ya maombi. Tutamufungia mule. Hatakula, hatakunywa, mpaka atasema alimuuzisha baba yake kwa nani."

Berthe alikubali. Tangu saa ile alianza kumwogopa binti yake. Alipompa chakula, aliweka sahani chini ili mikono yao isigusane.

Ijumaa asubuhi alikwenda shuleni. Watoto walikuwa wanatengeneza rangi. Walisaga majani ya sombe, yaani kisamvu, wapate kijani. Walichanganya udongo wa kichuguu na uji wa muhogo wapate nyekundu. Mtoto mmoja alileta jiwe la kijani la mgodini.

"Lile, hapana," Madame Stéphanie alimwambia. "Vumbi yake ni sumu. Weka inje, unawe mikono."

Berthe hakungoja. "Madame, minye nimekuja kukatalia mutoto yangu kuchora. Kesho tunamupeleka ku maombi. Kuchora kumemufungulia mulango mubaya."

Mwalimu alimsogezea kiti. "Ikala, mama. Nani alikufundisha weye kuchora?"

"Mwalimu. Alichora nyumba ku tableau, ku ubao, sisi tukakopia. Nyumba na theluji juu ya paa."

"Theluji? Mu Likasi?"

Berthe alitazama nje, kwenye vumbi la uwanja.

"Mulifundishwa kuiga mkono wa mwalimu," alisema Madame Stéphanie. "Si kuchora, mama. Mtoto mdogo ana vitu vingi kichwani, maneno yake bado machache. Picha inasema pale maneno yanapoishia. Ukimuliza kwa hasira, 'Huu ubaya ni nini?' anafunga mdomo. Ukimusahihisha, anaacha kuchora anachokijua, anachora unachokipenda. Mwambie tu, 'Nielezee.' Halafu nyamaza, usikilize."

Akamwita Princesse. Mtoto alikuwa amechora picha mpya. Wale watu walikuwa bado chini ya kitanda. Sasa walikuwa wengi zaidi.

"Nielezee," mwalimu alisema.

Princesse alimtazama mama yake kwanza. Berthe aliinamisha macho.

"Ni bale banapiga ko, ko, ko," mtoto alisema. "Mama iko ku samaki, minye niko ku mukeka. Mbele nilibasikia ku ukuta wa Papa Gracien. Sasa biko chini ya kitanda."

"Na hili jicho?"

"Hapana jicho. Ni tochi. Ya ku kichwa. Papa naye iko nayo."

Berthe aliikumbuka taa ya mume wake, ile aliyoifunga kichwani kila alipoingia shimoni. Alikuwa ameiona mara ngapi! Akamshika binti yake mkono.

Walikwenda nyumbani wote watatu, karibu mbio. Mchana ulikuwa mweupe na mtaa ulikuwa kimya. Shalom alilala kitandani, na bibi mmoja wa ng'ambo ya barabara, aliyeachiwa mtoto, alikaa mlangoni akimwangalia. Berthe alipiga magoti, akaweka sikio kwenye saruji.

Ko. Ko. Ko.

Kisha, chini kabisa ya sikio lake, mtu alikohoa.

Berthe alimnyakua Shalom. "Inje! Bote inje!" Madame Stéphanie alikimbia kumwita shefu wa mtaa.

Papa Gracien, jirani, alikuwa amezungushia kiwanja chake maturubai. Aliwaambia watu anachimba kisima. Shefu alipofunua maturubai, hakuona maji. Aliona shimo jeusi la kuchimbia shaba, na kamba. Alipiga kelele ndani yake. Wanaume wakaanza kupanda mmoja mmoja, wamejaa udongo hata midomo haikuonekana. Kwenye paji la kila mmoja iliwaka taa moja nyeupe.

"Bale ba chini," alisema Princesse.

Hakuna aliyecheka.

Jua lilikuwa halijazama sakafu ilipopasuka. Kitanda kiliingia ardhini polepole, kama kinavutwa. Lilibaki shimo, na harufu ya udongo mbichi. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ndani.

Shefu alimlazimisha Gracien kujaza tundu lote kwa mawe na kujenga upya sakafu. Shuleni, wazazi waliitwa kuona picha za watoto zikiwa zimetundikwa ukutani. Hakuna picha iliyofanana na nyingine. Mama mmoja alitaka kusema, "Mbuzi gani huyu ana miguu sita?" Akajizuia. Akamwambia mwanawe, "Nielezee." Mtoto alieleza kwamba mbuzi anakimbia. Mama akaona ni kweli, anakimbia sana.

Jumamosi nyingine Mama Josée alikuja kwa Berthe. Gracien alikuwa nyuma yake, kwa sababu yeye pia alikuwa mtu wa maombi. Princesse alikuwa anapaka nyekundu kwenye karatasi. Berthe alikuwa amemshikia bakuli la rangi.

"Mama Princesse," alisema Mama Josée, "tulikungojea ku maombi, hukuja. Papa Gracien naye umemuletea aibu mbele ya bantu. Hatutake mengi. Sema pardon, omba musamaha, tumalize."

Berthe hakuinuka.

"Mulitaka kumufungia mutoto na njaa, juu ya kitu cha kweli alichosikia. Minye nilikubali, na pardon nimekwisha kumuomba yeye. Sasa munataka niombe ninyi?"

"Ni neno moja tu, mama," alisema Gracien.

"Neno lile sina. Sitaomba leo, sitaomba kesho. Muende muzuri."