Uso wa Mama Kwenye Mwanga

Kule Igogo, asubuhi ziwa hubadilika rangi taratibu. Kwanza maji huwa meusi. Halafu huwa ya kijivu. Mwishowe hung'aa kama bati jipya. Selina huyaona kila siku akikoroga uji, maana mlango wa nyumba yao unatazama ziwani.

Wiki hiyo alikuwa na mgeni. Mama yake, Paskazia, alitoka Usagara kuja kupimwa macho. Kila asubuhi mama alikaa mlangoni, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Alikuwepo, lakini kama yuko mbali.

"Mama, unawaza nini?"

"Siwazi. Natazama tu."

Selina alikuwa na jambo moyoni. Mwaka uliopita baba yake alifariki. Siku ya mazishi walitafuta picha nzuri, hawakupata. Ikabidi wakuze ile ya kitambulisho. Ilitoka na ukungu, macho kama madoa mawili. Watu waliinamisha vichwa mbele yake, lakini Selina hakumwona baba pale. Sasa sauti ya baba aliikumbuka bado, ila uso ulianza kumponyoka.

"Kwa mama sitaki iwe hivyo," alimwambia mume wake, Ngosha.

Ngosha si mtu wa maneno mengi. Alimtafutia kamera ya mtumba, ile kubwa nyeusi ya kubadilisha lenzi.

Jumatano mchana Selina alimsimamisha mama nje, ziwa likiwa nyuma yake. Ziwa lilitoka zuri. Mama alitoka mweusi tii, hana macho wala mdomo. Wakaingia ndani. Selina akawasha flashi. Uso ukang'aa kama umepakwa unga. Akasogea karibu kabisa, pua ikawa kubwa kuliko uso.

Mama aliitazama ile picha kwenye kioo cha kamera.

"Huyu bibi ni nani? Mbona amekasirika hivi?"

"Ni wewe, mama."

"Basi, mwanangu. Sura yangu si ya picha. Iache tu."

Na Ijumaa mama alikuwa anarudi Usagara.

Jioni hiyo Selina alikwenda kwa jirani yake, Eugenia. Eugenia ni mwenyeji wa Bukoba, na kazi yake ni kupiga picha za harusi. Alizitazama picha zote bila kucheka.

"Kamera yako ni nzima," alisema. "Imeona ziwa linang'aa, ikapunguza mwanga. Mama akabaki gizani. Umemweka mwanga mgongoni, dada. Mwanga unatakiwa umguse usoni."

"Na flashi je?"

"Ile inampiga mtu usoni moja kwa moja. Sura inakuwa bapa, na ngozi inameta. Kesho asubuhi nitakuja. Mlango wako unatosha."

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa bado nyuma ya mlima. Mlangoni mwanga ulikuwa laini, hauumizi macho.

"Mwangaluka, mayu!" Eugenia alimsalimia mama kwa Kisukuma chenye lafudhi ya Bukoba.

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwangaluka! Nani amekufundisha?"

Eugenia hakuishika kamera. Alisema tu, na Selina akafanya. Kiti cha mama kiliwekwa ndani, hatua moja kutoka mlangoni, uso ukielekea nje. Flashi ikazimwa. Selina akasimama nje, upande kidogo, asimzibie mama mwanga.

"Rudi nyuma hatua tatu," Eugenia alisema. "Halafu mvute kwa lenzi. Ukisogea sana, pua inakua."

Selina akarudi.

"Zungusha hicho kigurudumu cha juu mpaka herufi A. Sasa chagua namba ndogo. Namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka sana. Mwanga unaingia mwingi, na ukuta wa nyuma unafifia. Anabaki mama peke yake."

Selina akapiga. Wakaikuza picha. Sikio lilionekana vizuri, macho yalikuwa na ukungu.

"Tundu likiwa wazi hivyo, kamera inashika kitu kimoja tu," Eugenia alieleza. "Ishikishe jicho. Weka kile kidoti chekundu unachokiona ndani ya kamera juu ya jicho lililo karibu nawe. Bonyeza nusu, subiri kitulie, ndipo umalizie."

Akapiga tena. Macho yakatoka safi. Lakini mama alikuwa amekaa wima kama yuko polisi, midomo ameibana.

"Mama, cheka basi."

"Nicheke nini?"

Eugenia alimnong'oneza Selina. "Usimwambie acheke. Mwulize kitu."

Selina alifikiri. "Mama, ziwa uliliona lini mara ya kwanza?"

Mabega ya mama yakashuka. Macho yakampita Selina, yakaenda majini.

"Nilikuwa mdogo. Tulitembea na mama tangu alfajiri. Tulipofika juu ya mawe nikapiga kelele. Nilidhani mbingu imeanguka chini. Mama akanishika mkono, akasema, nyamaza, usiiamshe."

Selina alisahau kwamba ameshika kamera. Aliona mtoto mdogo amesimama juu ya jiwe.

Eugenia alimgusa kiwiko. "Sasa."

Akabonyeza.

Ijumaa asubuhi Selina alikwenda mjini kuichapisha picha ile. Aliirudisha ikiwa kubwa kama ukurasa wa daftari. Mama alivaa miwani yake mipya. Alitazama muda mrefu, kidole kikipita juu ya shavu la kwenye picha.

"Umempata wapi mama yangu?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

"Najua ni mimi. Lakini huyu ni mama. Alikufa hakuna hata picha moja nyumbani. Hukuwahi kumwona bibi yako, Selina. Haya, mwone."

Wakakaa bega kwa bega wakimtazama.

Kabla ya kuondoka mama alisema, "Mwezi ujao uje Usagara na hiyo kamera. Dada zangu wawili bado wapo. Mkubwa ana paji la uso la mama. Mdogo ana kidevu chake."

Selina alikwenda. Mama yake mkubwa na mama yake mdogo walikuwa wamevaa vitenge vipya, na viti vimepangwa uani kwenye jua kali. Aliwasalimia wote. Kisha akavichukua viti, akazunguka nyumba polepole, akitafuta mlango wenye mwanga laini.