Nukta ya Mwisho Malagarasi

Mimi siogopi kitu, Kasulu nzima inajua. Ndiyo maana mwaka 2013 rafiki yangu Longinus alikuja kwangu. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya ardhioevu kwa picha za setilaiti, kisha kwenda kwa miguu na GPS kuhakiki: hapa maji, hapa mafunjo. Ilibaki nukta moja tu, katikati ya kinamasi cha Malagarasi. Bila hiyo, kibarua kingeota nyasi.

Ukingoni mwongozaji wake, Mzee Gasper, aliinama akapiga makofi taratibu, kama Waha tunavyosalimia.

“Mwakeye,” akayaambia mafunjo. “Nawe salimia, mwanangu.”

“Nisalimie majani, mzee?” Longinus akacheka.

“Basi nenda mwenyewe. Nakusubiri hapa.”

Ndani, saa sita mchana, kulikuwa na giza kama la ghalani. Kila alipokanyaga tope, hatua nyingine ilikanyaga nyuma yake. Alisimama, ile ikaongeza moja. Akahakiki nukta, akatoka mbio.

Alipofika mjini akawasha GPS. Ilionyesha kwamba bado yuko kwenye mafunjo. Kesho yake alama ilikuwa imesogea hadi barabarani. Siku ya tatu ilikuwa Titye, njiani kuja mjini kwetu.

“Kaa nayo wewe usiyeogopa,” akaniambia, akapanda basi la kwao.

Nikaizima kwa mkono wangu, nikaifungia kabatini. Siku ya pili, mchana kweupe, nikaiwasha. Sasa ilisema kweli: alama ilikuwa nyumbani kwangu.

Nje, mtu alikuwa akipiga makofi, taratibu, akisubiri kuitikiwa.