Alichokisoma Wendell

Signe Maki alirudi kazini Jumatatu, baada ya kumuuguza dada yake huko Fargo. Asubuhi ilikuwa ya kawaida kabisa ya Duluth: theluji imesukumwa kando ya barabara, ziwa limeganda, na sisi majirani tunakwangua vioo vya magari huku tukiilalamikia baridi kana kwamba ni ngeni. Alinipungia mkono. Mumewe, Gordy, alimshusha mbele ya chuo alikofanya kazi, akamwambia atamfuata jioni.

Pale chuoni, Signe na mwenzake Wendell ndio waliotunza kitabu cha majina. Si kitabu cha karatasi. Kimo ndani ya kompyuta kuu, na kila kitu hukiuliza: mlango kabla haujafunguka, simu kabla haijaita. Mtu akibadili jina, wao huandika mstari mmoja wa amri kwenye skrini nyeusi, jina la zamani likaondoka na jipya likakaa. Kazi yenyewe ni fupi, lakini ukikosea umempoteza mtu. Ndiyo maana walikuwa na mtindo wao: mmoja anaandika, kisha anaipa skrini kisogo, na mwenzake anasoma mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza. Jicho la aliyeandika huona linachotaka, Signe alipenda kusema. Sikio halina upendeleo.

Mtindo huo waliuanza wakiwa watatu. Wa tatu alikuwa Corinne, mke wa Wendell, aliyekwenda kuvua samaki kwenye barafu msimu uliopita, barafu ikakatika. Hakupatikana. Signe ndiye aliyempelekea Wendell chakula, Signe ndiye aliyemshika mkono kanisani. Na siku ya kulifuta jina la Corinne kitabuni, Wendell aliandika mstari akaipa skrini kisogo, na huku machozi yanamtoka akamwomba Signe asome. Signe akasoma.

Basi Jumatatu hiyo aligusisha kadi yake mlangoni. Kioo kidogo kilichozoea kumwandikia jina lake kikaandika: Karibu, Corinne. Akacheka peke yake, akaona mitambo imechanganyikiwa. Akavua mabuti yake ya theluji na kuyapanga chini ya kulabu ya koti, pamoja na ya wengine. Ndani ya kila buti alikuwa ameandika jina lake kwa wino mzito, kama tufanyavyo wote hapa ili tusichukuliane.

Mama wa mkahawani, aliyemjua miaka na miaka, akamsogezea kikombe cha kahawa. "Leo umechelewa, Corinne mwenzangu."

Signe alisubiri acheke. Hakucheka. Halafu akaona nywele zake mwenyewe zinachuruzika maji kwenye kaunta, na nje hata theluji haikuwa inaanguka.

Juu ya meza yake kulikuwa na chupa ya samaki waliolowekwa kwenye siki. Corinne aliwapenda sana. Signe hakuwahi kuvumilia hata harufu yao. Alifungua chupa, akawala kwa vidole mpaka wakaisha.

Alipotambua alichokifanya, alimpigia Gordy.

"Ni mimi."

"Wewe nani, dada?"

"Mkeo, Gordy."

"Signe? Mbona unasikika kama uko chini ya maji?"

Akaufungua ukurasa wake kitabuni. Ulikuwa wake, lakini ulikuwa na majina mawili. Corinne juu. Signe chini yake. Mtu alikuwa ameubandikia jina jipya bila kuliondoa la zamani. Akajaribu kurekebisha, kompyuta ikamkatalia: orodha ya wenye ruhusa ilimjua Signe, na aliyekuwa anabisha sasa ni Corinne. Aliyebaki na ruhusa ni mmoja tu.

Wendell alikuwa ameketi chumba cha pili, amempa mgongo.

"Umenifanya nini?"

"Usipaze sauti," akanong'ona. "Anasikia. Alinipigia hapa ofisini, Signe. Kasema anaganda, hana pa kukaa, jina lake tumelitoa. Nikatafuta ukurasa mtupu. Hakuna. Kila ukurasa una mwenyewe."

"Ukaona wangu."

"Wewe ndiye uliyesoma alipofutwa."

"Uliniomba. Ulikuwa unalia, nikakusaidia."

"Najua. Ndiyo maana jina lako sikulifuta. Nilidhani mtatoshea wote wawili."

Iliuma kuliko baridi. Chakula chote kile, mkono ule kanisani, na rafiki yake alikuwa akimpima kama chumba cha kupangisha.

"Hatutoshei," akasema, na maji ya ziwa yakamtoka kinywani pamoja na maneno. "Nirudishe. Nina mume, Wendell. Leo hajaijua sauti yangu."

Wendell akalia. Akampisha kiti.

Vidole vya Signe vilikuwa vya bluu. Aliandika mstari polepole: Corinne aondoke, Signe abaki. Kisha, kwa mazoea, akaipa skrini kisogo. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani huikagua nguo aliyoizoea?

Nyuma yake vitufe vikagongwa. Vichache tu.

"Naweka sawa nafasi za maneno," Wendell akasema. Kisha akasoma, sauti imetulia. "Jina linalofutwa, Corinne. Jina linalobaki, Signe."

"Ndiyo," Signe akasema.

Wendell akabonyeza.

Signe akasubiri joto. Halikuja. Alitaka kumwita Gordy. Jina alilipata. Hakujua ni la nani.

"Karibu nyumbani," Wendell akanong'ona.

Jioni Gordy alingoja mlangoni. Akatoka mwanamke hana koti, miguu mitupu, nywele zimelowa. Gordy akamuuliza kama amemwona mke wake.

"Anaitwa nani?" mwanamke akauliza.

Gordy akafungua kinywa. Jina halikumjia. Mwanamke akampita, akaingia kwenye gari la Wendell.

Haya yote alitueleza Wendell mwenyewe, barafu ilipoanza kuyeyuka, amesimama kwenye ngazi za Gordy asithubutu kuingia. Anakula samaki, akasema. Anaitika. Lakini niliyemleta nyumbani si Corinne. Gordy akamfungia mlango.

Chuoni lilibaki koti, na mabuti chini yake. Gordy aliyaleta nyumbani, akayaweka kando ya jiko. Kila asubuhi yanakuwa yamejaa maji mpaka juu, yana utando wa barafu, na jiko linawaka. Huwa tunaivunja, kisha mimi nainama kusoma jina lililoandikwa ndani, kwa sauti, naye Gordy amegeuka anasikiliza. Ikifika jioni tunakuwa tumelisahau tena.