Darasa Lililosoma Vitabu Vikiwa Vimefungwa

Siku mgeni alipokuja darasani, mjinga alikuwa Kigen mwenyewe, na alikuwa amevaa tai kwa ajili ya mgeni huyo.

Alikuwa mwalimu wa gredi ya pili katika shule moja karibu na Ndalu. Mgeni wake alikuwa Bi Agneta, mkufunzi kutoka Bungoma mjini. Kazi ya Agneta ilikuwa kuwaonyesha walimu namna ya kufundisha kusoma. Kigen aligonga meza kwa rula. Darasa zima likaanza kusoma ukurasa kwa sauti moja. Katikati yao alisoma msichana aitwaye Emmy.

"Vizuri," Agneta akasema. "Sasa fungeni vitabu."

Watoto wakafunga vitabu, kisha wakaendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa. Hawakukosea neno.

Agneta akaandika ubaoni silabi moja: ma. Akamwita Emmy aisome. Emmy akaiangalia kama mtu anayeangalia lori likipita.

"Mwalimu," Agneta akamnong'oneza Kigen, "kwaya unayo. Wasomaji tutawatafuta."

Jioni Kigen alipika ugali wa mtu mmoja, nao ukabaki. Alikuwa amehamishwa kutoka eneo la Kwanza, ng'ambo ya Kitale. Mkewe Jeruto alibaki huko na mtoto na shamba. Majirani zake wa Ndalu walikuwa watu wema. Lakini wakichekeana kwa Kibukusu, Kigen alicheka baada yao, bila kujua anacheka nini.

Akampigia Jeruto simu, akamweleza.

"Kwa hivyo umekuwa ukifundisha redio," Jeruto akasema.

"Usinicheke, Mama Kiptum."

"Sasa nimcheke nani? Ng'ombe hawana vituko kama vyako."

Simu ilipokatika, chumba kikawa kimya tena. Kigen akamfikiria Emmy. Kumbe naye alikuwa akiwafuata wenzake tu, bila kujua anasema nini.

Kesho yake baba yake Emmy, Nyongesa, akafika shuleni.

"Mwalimu, nasikia huyu hajui kitu. Shule ikifungwa, anaenda Kitale kwa dada yangu kulea mtoto. Dada anataka mtu ambaye shule imemshinda."

"Nipe muhula huu, mzee."

"Huu tu."

Tangu hapo, Jumamosi Kigen hakwenda tena nyumbani kwa Jeruto. Alienda Bungoma kwa mafunzo ya Agneta. Jeruto alimwambia, "Sawa," na kukata simu mapema.

Kwenye mafunzo, watu wazima walikaa mbele ya sinia za mchanga na kuchora herufi kwa vidole.

"Anza na sauti moja," Agneta akawaambia. "Mtoto aione herufi, asikie sauti yake, aitamke, aichore. Mkono ukisahau, sikio litaukumbusha. Akizijua m na a, aziunganishe: ma. Akishika hiyo, ndipo uongeze nyingine. Kila asubuhi rudieni za jana kabla ya mpya."

"Na kuandika maneno?" Kigen akauliza.

"Tamka neno. Apige makofi, kofi moja kwa kila silabi. Kisha aandike silabi moja moja, kama anavyozisikia. Na msikilize kila mtoto peke yake."

Mwalimu mmoja, Levi, akacheka. "Darasa langu limejaa mpaka mlangoni, bana. Nitawasikiliza lini?"

"Leo wachache, kesho wachache. Wengine wasomeane wawili wawili."

Kigen akarudi darasani na sinia. Rula akaiweka kando. Darasa likapoa. Emmy, ambaye sauti yake ilizoea kujificha katika sauti za wengine, sasa aliangalia mchanga tu.

"Nitachafuka," akasema.

"Hata mimi," Kigen akasema. Akakaa chini karibu naye, na tai yake shingoni, akachora m.

Wakachora pamoja, wakatamka pamoja. Wiki zingine hakuna kilichosonga. Kigen alirudi chumbani akala ugali wake, asimpigie mtu simu. Halafu asubuhi moja Emmy akaunganisha sauti bila kuambiwa, akasoma neno zima, akageuka nyuma kuangalia kama kuna aliyemsaidia. Hakukuwa na mtu.

Siku ya kufunga shule, Nyongesa akaja kumchukua, pamoja na mama yake mzazi, nyanya yake Emmy. Mkononi Nyongesa alikuwa na pakiti ya dawa ya kuku aliyotoka kununua. Kigen akaiomba, akampa Emmy.

Emmy akaweka kidole. "Cha... nga... nya. Changanya. Na... ma... ji. Changanya na maji."

Nyongesa akaichukua pakiti, akaiangalia mbele na nyuma. Akampa Kigen. "Ni kweli imeandikwa hivyo?"

"Ni kweli."

Nyongesa akakohoa. "Sawa. Lakini dada nilishamwahidi. Anataka mtu ambaye shule imemshinda."

"Aliyeshindwa na shule si ni wewe?" nyanya akasema. "Panda gari, ukalee."