Liduvina na Tairi la Miaka Tisa

Jua lilipochomoza, jiko la udongo la Liduvina Ojeda lilikuwa limeshashika moto. Liduvina ana miaka arobaini na minne. Anaishi na mumewe, Ireneo, nje kidogo ya mji wa Coronel Bogado. Ireneo anafyatua matofali. Liduvina anaoka chipa na kuziuza: mikate ya wanga wa muhogo, jibini na mayai. Anazipanga katika kikapu kikubwa, anazifunika kwa kitambaa cheupe, kisha anafunga kikapu nyuma ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe aliachiwa na marehemu baba yake. Ni ya mwaka 1991. Magurudumu yake ni ya spoku, zile fito nyembamba za chuma zinazoshika rimu. Injini bado ni nzima. Lakini mwezi wa pili tairi la nyuma lilikuwa kipara kabisa, halina hata jino moja.

Liduvina alikwenda duka la vipuri karibu na kituo cha mabasi. Mwenye duka anaitwa Wilfrido, mtu wa maneno matamu.

"Ña Liduvina, chukua hili pana," alisema, akimwita kwa "Ña" ya heshima. "Ukipanda mawe, hili linakaa kama malkia kwenye kiti."

"Mbona lile la zamani lilikuwa jembamba?"

"Zamani ni zamani, mama. Siku hizi watu wanapenda mapana. Na hili ni jipya. Tazama linavyong'aa!"

Kweli liling'aa kama kiatu cha harusi. Liduvina alilipa. Wilfrido akalifunga papo hapo, kwa haraka, huku akipiga soga na wateja wengine.

Wiki tatu zikapita. Nyuma kulikuwa na sauti ya kukwaruza, kama panya anatafuna bati. Liduvina alidhani ni matope. Pikipiki ikawa nzito kwenye kona. Alidhani ni umri wake mwenyewe.

Jumanne moja, zikiwa zimebaki siku nane kufika Jumatano ya Juma Kuu, alikuwa anateremka kwenye barabara ya mawe. Alikuwa anakwenda polepole, kwa maana kikapu kilijaa. Mara, puu! Upepo wote ukatoka kwa mpigo mmoja. Pikipiki ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikalala. Liduvina akaburuzwa juu ya mawe. Nyuma yake lilikuwa linakuja lori la soya. Breki zililia. Lori lilisimama hatua mbili kutoka kichwani pake.

Dereva aliruka chini, uso umempauka.

"Mama! Uko hai?"

"Niko hai," Liduvina alisema. Kiganja kilikuwa kimechunika na kiwiko kinatoka damu. Chipa zilikuwa zimetapakaa mtaroni. Mbwa wawili walikuwa wameshaanza kula.

Dereva alimpeleka nyumbani yeye na pikipiki yake. Ireneo alimwosha jeraha kwa maji na sabuni, akamfunga kitambaa safi. Kisha akasema neno ambalo hakupaswa kulisema.

"Labda ulikuwa unakimbia, Liduvi."

Liduvina alimkazia macho. "Na kikapu cha kilo arobaini nyuma? Nikimbie niende wapi, Ireneo? Mimi na mbio wapi na wapi?"

Ireneo alichukua spana. Akalifungua gurudumu kutoka kwenye pikipiki, kwa maana mkono wa mkewe ulikuwa umevimba. Alasiri Liduvina alipanda basi na gurudumu lake, akaenda dukani kwa Wilfrido.

Wilfrido hakuligusa. Alilitazama tu kutoka nyuma ya meza.

"Umepita juu ya msumari."

"Hakuna msumari hapa. Nimetafuta."

"Basi umejaza upepo vibaya. Au umepiga jiwe. Mama, tairi ni jipya, pikipiki ni kongwe, na dereva..." Akawageukia wanaume wawili waliokuwa wanasubiri. "Niseme nini? Pikipiki haitaki mikono ya kukanda unga."

Wanaume wale walicheka. Liduvina alihisi damu inamchemka hadi masikioni. Alitoka nje na gurudumu lake. Machozi yalimtoka, lakini si ya maumivu. Miaka kumi na tisa anaendesha pikipiki ile! Mvua, vumbi, mawe, mtoto tumboni, na hajawahi kuanguka. Leo aambiwe hajui!

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha Ña Petrona. Ni mjane mwenye miaka sitini na moja, fundi wa pancha tangu mumewe alipofariki. Hauzi tairi. Anaziba, anabadilisha, anajaza upepo. Alikuwa amekaa anakunywa tereré, chai ya majani inayonywewa baridi, na alikuwa ameona kila kitu.

"Njoo, binti," aliita. "Lete hilo gurudumu. Na hizo kamasi zifute, zitaniharibia gundi."

Liduvina alijikuta anacheka huku analia. Petrona akamkabidhi kikombe cha tereré, akachukua vyuma viwili bapa, akalivua tairi. Akatoa tyubu iliyopasuka na kuilaza mezani.

"Tundu liko upande gani?"

Liduvina alitazama. "Upande wa ndani. Unaotazama rimu."

"Msumari wa barabarani hutoboa upande wa nje, kwa sababu ndio unaogusa barabara. Hili tundu limetoka ndani ya gurudumu lako mwenyewe. Weka kidole hapa kwenye rimu. Taratibu."

Liduvina aligusa. Kulikuwa na vichwa vya spoku, kimoja baada ya kingine, na kimoja kilikuwa kikali kama jino la mbwa.

"Hapa panatakiwa utepe wa mpira," Petrona alisema. "Unazunguka rimu yote na kufunika vichwa vyote. Utepe uko wapi?"

"Sijauona."

"Wala mimi. Ameutupa, hakuweka mwingine. Tyubu imesuguliwa na chuma wiki tatu nzima." Sauti ya Petrona ilianza kupanda. "Haya, unajua kusoma namba?"

"Najua."

"Basi soma tairi. Maandishi yako ubavuni. Kila tairi linasema lenyewe, ila watu hawaliulizi."

Liduvina alipiga magoti. Alifuta vumbi kwa kona ya aproni.

"Nne, nukta, kumi. Kistari. Kumi na nane."

"Kumi na nane ni ukubwa wa rimu. Hiyo ni sawa. Namba ya kwanza ni upana. Pikipiki yako nyuma inataka tatu nukta sifuri sifuri. Imeandikwa kwenye kibandiko juu ya kifuniko cha cheni, na kwenye kitabu chake. Hili ni pana mno kwa rimu yako. Linabanwa, linakaa vibaya kwenye kona, na linasugua kifuniko cha cheni. Hukusikia sauti?"

"Nilisikia. Nikadhani matope."

"Sasa tafuta tarakimu nne ndani ya duara lililobanwa, kama yai."

Ilimchukua muda. Zilikuwa ndogo, na zimejaa rangi nyeusi ya kung'arishia tairi. "Moja, nne, moja, tano."

"Wiki ya kumi na nne, mwaka elfu mbili na kumi na tano. Hapo ndipo lilipotengenezwa. Sasa tuko mwaka gani?"

"Elfu mbili na ishirini na nne." Liduvina alisimama. "Miaka tisa! Ameniuzia tairi la miaka tisa na kuniambia ni jipya!"

"Meno yake ni mapya, mpira wake ni mzee. Mpira huzeeka hata kama umelala rafuni. Unakauka, unakuwa mgumu, haushiki barabara yenye maji. Likunje hapa. Unaona nyufa? Rangi ilizificha. Na huu mshale?"

Ubavuni kulikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha tairi lizunguke upande gani.

"Wakati gurudumu liko kwenye pikipiki, mshale ulitazama nyuma," Liduvina alisema polepole. "Nakumbuka niliuona."

"Amelifunga kinyumenyume." Petrona alitema mate pembeni. "Kwa mtu anayebeba kilo arobaini! Huyu si mzembe tu. Angekuua, kisha angesema ni mikono ya unga."

"Twende wote ukamwambie!"

"Mimi siendi. Nikienda mimi, atasema ni wivu wa jirani. Nenda wewe. Una macho, unajua kusoma. Na usikilize: omba namba ya kibandiko, siyo pana, siyo jembamba. Tafuta herufi T mbili, maana yake ni tairi la kutumia tyubu. Rimu yako ina matundu ya spoku, haiwezi kushika upepo bila tyubu. Tyubu iwe mpya na ya kipimo hichohicho. Utepe mpya. Namba ya uzito isipungue hamsini na mbili, hiyo hubeba kilo mia mbili. Na tarehe, binti. Tarehe kwanza."

Liduvina alirudia yote kwa sauti mara mbili. Kisha akavuka barabara.

Duka lilikuwa na watu watano sasa. Aliweka tairi na tyubu juu ya meza, juu kabisa ya karatasi za Wilfrido.

"Soma hapa," alisema.

"Mama, nilishakuambia..."

"Soma. Au nisome mimi?" Akasoma, kwa sauti ya kuuzia chipa, ile inayofika hadi ng'ambo ya reli. Alisoma upana. Alisoma tarehe. Alionyesha tundu la tyubu na kuwauliza waliokuwepo lilitazama wapi. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani aliinama, akalichunguza, akasema, "Hili ni la spoku, bwana. Hata mimi naliona."

Hakuna aliyecheka. Wilfrido alifuta shingo.

"Sawa, sawa. Nitakubadilishia. Huna haja ya kupiga kelele."

Alileta tairi la tatu nukta sifuri sifuri. Liduvina alitafuta duara. "La mwaka elfu mbili na kumi na saba. Rudisha."

Akaleta jingine. "Halina T mbili. Rudisha."

Alikwenda stoo. Alikaa huko muda mrefu. Alirudi na tairi lenye kibandiko cha karatasi, lisilong'aa hata kidogo. Lilikuwa na miezi minane. Namba zote zilikuwa sawa. Liduvina alidai tyubu na utepe pia, akapewa.

"Haya, chukua," Wilfrido alinong'ona. "Chukua, mama, halafu tunyamaze, yaishe."

"Tairi nachukua," Liduvina alisema. "Kunyamaza sichukui."

Jioni ile Ireneo aliona tyubu iliyopasuka na kuambiwa habari yote. Kisha alichukua msasa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusugua kutu ya rimu.

"Nilikukosea," alisema bila kuinua kichwa. "Nililiamini tairi linalong'aa kuliko mke wangu."

"Ulinikosea," Liduvina alikubali. "Sugua na upande huu."

Kesho yake Petrona aligonga spoku zote kwa spana ndogo. Iliyokazwa ililia ting. Iliyolegea ililia kama bati, naye akaikaza. Akasawazisha kile kichwa kikali kwa tupa. Akaweka utepe, tyubu na tairi, mshale ukitazama mbele. La mbele nalo alilisoma: lilikuwa na miaka miwili, halina nyufa. Akaliacha.

"Tairi jipya linateleza kilomita za mwanzo," alionya. "Siku tatu nne nenda taratibu, usilale kwenye kona. Na upepo upime asubuhi, kabla hujaendesha, tairi likiwa baridi."

Jumatano ya Juma Kuu mvua ilinyesha. Siku hiyo kila nyumba inataka chipa. Liduvina alishuka barabara ileile ya mawe, kikapu kimejaa, maji mekundu ya udongo yanatiririka pande zote. Tairi lilishika. Hapakuwa na sauti ya panya wala uzito kwenye kona. Kufika saa tatu asubuhi alikuwa amebakiwa na chipa nne tu.

Penye njia panda aliwakuta wauza chipa wenzake, wamejikinga mvua chini ya paa la kituo cha mafuta. Aliwasimulia, akawaonyesha mahali pa kusoma. Mmoja baada ya mwingine waliinama kwenye pikipiki zao, vicheko vingi, aproni zikigusa matope.

Nilda alikuwa wa mwisho kuinuka. Tairi lake alikuwa amelinunua mwezi wa kwanza, kwa Wilfrido.

"Elfu mbili na kumi na nne," alisema. Hakuwa anacheka. "Juzi nilimpakia mama yangu hapa nyuma."

Wote waligeuka kulitazama tairi lake.

"Yule bwana anafunga saa ngapi kwenda kulala mchana?" Nilda aliuliza.

"Saa sita," alisema Liduvina.

Nilda alifunika kikapu chake, akakaza kamba.

"Basi tunamkuta. Twendeni."